Damu kwenye mkojo: ni kichocho tu?

Shikamoo daktari. Nasikia saratani ya figo siku hizi inapimwa kwa mkojo. Hapa Lindi mjini naipata wapi? (Msomaji, Mtanda)

Marahaba. Hupati, na si Lindi tu: kipimo hicho bado kiko kwenye utafiti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, walitoa matokeo mwaka 2010 na tena 2015 kuhusu protini mbili, akwaporini-1 na perilipini-2. Huongezeka kwenye mkojo wa wenye aina kuu za saratani hiyo, na uvimbe ukikatwa hushuka. Inatia moyo. Ila ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Ukipima umati wa watu wazima wenye afya, hata kipimo kizuri kitawatisha bure wengi wasio nao.

Nilikojoa damu, nikaambiwa kichocho, nikameza dawa. Baada ya miezi miwili damu imerudi. Nina miaka 56. Nimeze tena? (Msomaji, Mtama)

Usimeze kwa kukisia. Huku kusini damu ikionekana tu, kichocho ndicho kinachotajwa kwanza, na mara nyingi ni kweli, hasa kwa watoto wanaoogelea mabwawani. Kwa umri wako jibu hilo halinitoshi. Peleka mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana ndipo mayai ya kichocho hutoka kwa wingi, yatafutwe kwa hadubini. Yaonekane yasionekane, omba ultrasaundi ya figo na kibofu: kichocho cha miaka mingi nacho huweza kuleta saratani ya kibofu. Na usingoje maumivu. Uvimbe wa figo unaweza kutoa damu leo, ikakata wiki kadhaa, mwenyewe akashukuru kwamba kapona.

Kila msimu napuliza salfa kwenye mikorosho. Figo zangu ziko salama? (Msomaji, Tandahimba)

Salfa haitajwi miongoni mwa visababishi vya saratani ya figo. Inachoumiza ni macho na kifua, kwa hiyo miwani na barakoa usiviache nyumbani. Mimi ningekuuliza kwanza kama unavuta sigara, na presha ulipima lini, maana hizo mbili ndizo zinazotajwa.

Mkojo wangu una povu. Ni saratani? (Msomaji, Masasi)

Povu lisiloisha huweza kuwa protini, na mara nyingi chanzo ni presha au kisukari. Kijikaratasi cha maabara kinachochovywa kwenye mkojo kitakuonyesha papo hapo. Ila hakikutengenezwa kutafuta saratani, hivyo ukiambiwa “mkojo safi” huku ubavu unauma, rudi ukapigwe ultrasaundi.