Seneca ya bei poa: muulize nini kabla ya kutoa makuta

SWALI: Bwana Fundi, jambo sana. Tuko watu watatu hapa Lubumbashi, biashara yetu iko Kolwezi na Kalemie. Tumeona ndege ndogo ya moteri mbili, Piper Seneca ya 1973, inauzwa nje, bei iko chini kabisa. Kuko kitu wanatuficha? Na asiransi tuanzie wapi? (Msomaji, Kampemba)

JIBU: Ndugu zangu, moteri mbili zisiwadanganye. Seneca ya mwaka huo haina turbo (ile inayosukumia moteri hewa ili isipoteze nguvu huko juu), na ikijaa mzigo halafu moteri moja izime, kitabu chake chenyewe kinaishia futi kama 3,650 juu ya bahari, sasa Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi, wenyewe umepita futi 4,000, bado joto la Oktoba hujaweka, kwa hiyo mukiipakia kama basi ya Kasumbalesa ile moteri inayobaki haitawapandisha, itawashusha polepole tu. Seneca II, ya kuanzia 1975, iko na turbo. Matengenezo yake ghali, lakini mimi ningechukua hiyo.

Zote zinakunywa Avgas, petroli ya ndege ndogo, siyo Jet A-1 ya ndege kubwa. Ulizeni kwanza nani atawauzia Luano, na kule Kalemie mutarudi na nini.

Muuzaji atawaambia masaa ni machache. Sawa, lakini overholi, yaani kufungua moteri yote na kuifanya upya, ilikuwa lini? Moteri za ile ya 1973 ni Lycoming, wanazihesabia masaa 2,000 au miaka 12, na ndege iliyolala miaka inakula kutu ndani hata kama masaa hayajafika, na hapo mukumbuke bili ya moteri ni mara mbili. Fundi wa kuikagua mumutafute nyie, asiwe wa muuzaji. Vitabu vya ndege vikikosa kurasa, muachane nayo. Na bila karatasi ya kuifuta kwenye rejista ya nchi ilikotoka, AAC, mamlaka ya ndege ya Kongo, haitaiandika hapa.

Asiransi muulize bei KABLA ya kulipa. Tangu sheria ya 2015 SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali, haiko peke yake tena, tafuteni kampuni zenye ruhusa ya ARCA, wale wanaosimamia asiransi hapa Kongo. Swali lao la kwanza ni piloti: masaa mangapi kwa jumla, mangapi kwenye moteri mbili, mangapi kwenye Seneca yenyewe. Kama ni mmoja wenu na leseni yake bado mbichi, bei inaruka ao wanakataa kabisa mpaka arushe na mwalimu kwanza. Thamani ya ndege muiandike ya kweli, musiishushe ili mulipe kidogo, maana ikigonga kidogo tu wataona kutengeneza kunapita hiyo thamani, watawapa zile makuta kidogo na mabaki wachukue wao. Hasara ya vita kwa kawaida haimo kwenye asiransi, inanunuliwa pembeni, na kwa safari za Kalemie mimi ningeinunua. Majina yenu yote matatu yaingie kwenye polisi, yaani karatasi ya mkataba wa asiransi, siyo la yule mwenye kusaini peke yake.