Umeme umekatika, kompaila imekwama

*Yaya, mimi ni mwanafunzi, naishi Katuba, Lubumbashi. Najenga GCC 13.2, kompaila inayogeuza msimbo kuwa programu, kutoka msimbo wake kwenye mashine ya zamani. Betri yake imekufa, inaishi kwa waya tu. Usiku wa tatu umeme ulikatika. Uliporudi niliandika make, ile amri ya kujenga, ikaenda kidogo, ikasimama: «c/c-parser.o: file not recognized: file truncated». Nikirudia, inakwama palepale. Na kuna siku nyingine inaanza yote upya kama vile sijafanya kitu. Nifute kila kitu? Mega za kupakua tena sina.*
— Mwanafunzi, Katuba

Mdogo wangu, usifute kitu kwanza. Uko na magonjwa mawili tofauti, na yote mawili yanapona bila kupakua chochote.

Tuanze na lile la c-parser.o. Make haifungui faili kuangalia kilichomo. Inalinganisha saa tu: faili ya .o, yaani kipande kilichokwisha kujengwa, ikiwa mpya kuliko msimbo iliotoka, make inahesabu kazi imekwisha, inapita. Sasa umeme ulipokatika, diski ilikuwa imeshaandika jina la faili na saa yake, lakini yaliyomo yalikuwa bado kwenye kumbukumbu yakisubiri zamu. Yakapotea. Umebaki na faili yenye jina zuri na tarehe ya jana, ndani tupu. Make inaipita kila mara. Anayekuja kugundua ni ld, ile programu inayounganisha vipande, na kwa kuwa make haijui kosa liko wapi, hata ukirudia mara ishirini utafika palepale.

Ingia folda ya kujengea, si ile ya msimbo, uandike:

ls -l gcc/c/c-parser.o

Ukiona ukubwa ni 0, umempata. Na mara nyingi hayuko peke yake, kwa hiyo fagia wenzake pamoja:

find . -name '*.o' -size 0 -delete

Kisha make tena. Itajenga zile zilizokosekana tu, na kazi yako ya usiku tatu inabaki. Kama ld italalamikia faili nyingine ambayo ukubwa wake si 0, nayo imeharibika katikati. Futa hiyo iliyotajwa, endelea. Lakini ukikuta faili tupu ambazo majina yanaanza na insn-, hapo nakushauri ufute folda ya kujengea na kuanza upya. Hizo zinatengenezwa wakati wa ujenzi wenyewe na sehemu kubwa ya kompaila inazitegemea. Kuzifukuza moja moja kunakula muda kuliko kuanza. Tarball yako, ule mfuko wa msimbo uliopakua, haiguswi.

Ugonjwa wa pili, ule wa kuanza yote upya, uko kwenye saa. Andika date mara tu mashine inapowaka baada ya umeme kurudi. Nina hakika utaona mwaka wa zamani. Niliteswa na jambo hili wiki mbili nzima, mvua za Januari, hapa Kamalondo. Kila radi ikipiga umeme unaondoka, na kila nikiwasha mashine inajiona iko 2012. Faili za GCC 13.2 zikifunguliwa na tar zinabaki na tarehe zake za Julai 2023. Mashine inayodhani ni 2012 inatengeneza .o ya 2012. Make inaona msimbo wa 2023 ni mpya kuliko .o, basi inajenga tena. Na tena. Ukisoma juu kidogo kwenye terminali utakuta «Clock skew detected», yaani saa hazilingani, mstari ambao watu wanauruka kwa sababu haujasimamisha kazi. Configure, ile hatua ya maandalizi kabla ya make, ni kali zaidi, inakataa kabisa: «newly created file is older than distributed files!»

Nilifungua mashine yangu. Chini ya kibodi kuna betri ndogo ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, imevikwa plastiki na waya mbili. Inapaswa kuwa na volti 3. Multimita ilisoma 1,1. Badilisha hiyo betri kabla ya kitu kingine. Ukiwa bado hujaipata, weka tarehe kwa mkono kila unapowasha, kabla ya make. Na tafadhali usikimbilie kupiga touch (kuzipa saa ya sasa) faili zote za msimbo, kama wengine wanavyoshauri: baadhi zimetengenezwa kutoka kwa zingine, na ukivuruga mpangilio wa tarehe zake make itataka kuzitengeneza upya kwa vifaa ambavyo huna.

Jambo moja la safari ijayo. GCC kwa kawaida inajijenga mara tatu: kompaila ya zamani inajenga ya kwanza, ya kwanza inajenga ya pili, ya pili inajenga ya tatu, halafu ya pili na ya tatu zinalinganishwa. Ni ukaguzi mzuri sana na naupenda. Lakini kwa umeme wetu, ukiwa na kompaila nzuri tayari, weka --disable-bootstrap na --enable-languages=c,c++ kwenye configure. Unajenga mara moja tu, kwa lugha unazozihitaji.

*Yaya, kwangu umeme uko sawa, lakini inaandika «Killed signal terminated program cc1plus». Mashine iko na giga 2. Natumia make -j4.*
— Fundi redio, Ruashi

Baba, kumbukumbu imejaa na Linux imeua cc1plus, ile sehemu ya kompaila inayoshughulikia C++, ili mashine isigande. Msimbo wako hauna kosa. Ongeza faili ya swap ya giga 4, nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu, uandike make -j1, yaani kazi moja moja badala ya nne kwa pamoja. Itachukua muda mrefu, pengine usiku na mchana, lakini itaendelea kutoka pale ilipofia.