Kabla ya kulaumu dawa, pima joto lake

Fundi mmoja wa Wete kaniandikia: povu la kutunza baridi analomimina kwenye kuta za sanduku lake la samaki linaumuka na kushika hajamaliza kumimina, ndani mna mapengo, na muuzaji wa dawa, yaani vile vimiminika viwili vya kuchanganya kupata povu, anamwambia hajui kukoroga.

Maneno hayo nayajua. Hoteli moja huku Unguja ilininyima kazi ya chumba cha baridi, ikampa fundi kutoka bara, eti sisi wa masanduku ya samaki tunabahatisha. Juzi nahodha wa Mkokotoni kachukua masanduku yangu, anakwenda bahari kuu na kurudi na barafu bado ipo. Nasema tu.

Sikiliza, mdogo wangu. Dawa hizo mbili, isosianati na polioli, zikikutana huzaa poliuretani, ndilo povu lenyewe, na joto pia. Joto hilo huharakisha mmenyuko, mmenyuko nao huzidisha joto. Kwa kukadiria, nyuzi 10 zikiongezeka, kasi huwa karibu maradufu. Karatasi ya dawa ikisema sekunde 40 kabla ya kuumuka, tazama ni kwa joto gani. Mara nyingi nyuzi 20 au 25. Sasa banda la bati, saa saba mchana, kaskazi hii, madumu yamefika nyuzi 35. Zile sekunde 40 za nyuzi 25 zimebaki kama 20, na wewe bado unatafuta kijiti!

Mimi nikishasali alfajiri niko bandani. Natia kipimajoto kwenye polioli, nakoroga kidogo kikombeni huku natazama saa, ndipo naanza kazi yenyewe. Sanduku nene nalijaza kwa tabaka, nasubiri kila moja lipoe. Ukimimina yote pamoja joto hukosa pa kutokea, kati pakaungua rangi ya kahawia.

Halafu unyevu. Isosianati na maji hutoa kabonidioksaidi, gesi ile ile inayoumua mkate wa kumimina. Dumu la isosianati lililoachwa wazi wakati wa masika, kisha likakazwa kifuniko, huvimba na laweza kupasuka.

Lakini vijana hamtaki kusoma. Mnapima kwa jicho, mnaongeza kichocheo mpate kumaliza kabla ya adhuhuri, mnajifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii mvuke wa isosianati, na pumu yake ikikupata, kazi hii basi tena. Nunueni mizani. Nunueni barakoa yenye vichujio vya mvuke.

Na muuzaji wako, mdai karatasi ya dawa. Asipokuwa nayo, usinunue.