Kwa nini waombaji kazi wote wanatoka "wachapakazi" kwenye hojaji ya haiba

Ndugu wa Kondele, umesema chama chenu cha akiba na mikopo kilichukua ile hojaji ya bure ya kauli 44 inayopima sifa tano kubwa za haiba (BFI), mkaitafsiri wenyewe, na karibu waombaji wote wa kazi ya afisa mikopo wakapata 4 kati ya 5 kwenye uchapakazi. Kabla hujawaita waongo, kagua hesabu.

Uchapakazi kwenye hojaji hiyo una kauli 9, kila moja hujibiwa kwa namba kuanzia 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Tano zinamsifu mtu, nne zimepinduliwa makusudi, mfano "huwa mvivu". Jibu la kauli iliyopinduliwa hutolewa kwenye 6, kwa hiyo 4 inageuka 2. Aliyetia 4 kila mahali akisahihishwa bila kupindua anapata 4.0, mkipindua anashuka hadi 3.1. Nashuku hapo ndipo mlipoteleza.

Hata mkirekebisha, kuna wale wanaoitikia tu. Anakubali kwamba ni mchapakazi, ukurasa wa pili anakubali kwamba ni mvivu, hasa anayesoma maswali ni mgeni mwenye cheo na fomu mkononi. Dawa yake: chagua jozi za kauli zinazopingana, tafuta wastani wa majibu yake kabla ya kupindua. Ungetarajia 3 hivi. Ukipata 3.6, punguza 0.6 kwenye kila jibu la mtu huyo, halafu ndipo upindue. Yule wa 4 kila mahali ataangukia 3.0 kamili, yaani hojaji haijakwambia lolote juu yake. Si jambo la kubuni: watafiti Laajaj na Macours waliwapima wakulima 960 hapo Siaya, kila mmoja mara mbili. Vipimo vya uwezo wa akili vilishika vizuri. Vya haiba viliyumba, na kuitikia huku kulikuwa sababu mojawapo.

Tafsiri nayo. Epukeni kauli zenye "si" au "-sio": "sikubali kwamba mimi si mzembe" humchanganya hata mwalimu. Mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona ya Kiingereza airudishe kwa Kiingereza, mlinganishe. Kisha keti na watu kama 10, umwulize kila mmoja alichoelewa. Kauli ya "huwa na wasiwasi mwingi" ukiiuliza Januari, mzazi atakujibu kuhusu karo. Hapo umepima mfuko wake, hukupima haiba.

Kumbukeni pia sifa hizi tano zilikotoka. Mwaka 1936 wanasaikolojia Allport na Odbert walichambua kamusi ya Kiingereza wakapata maneno karibu 18,000 ya kuwaeleza watu; waliofuata wakayapunguza kwa hesabu hadi zikabaki tano. Hakuna aliyeahidi kwamba zitajipanga vivyo hivyo kwa Kiswahili au Dholuo.

Usomaji wa alama: tuseme umenunua kipimo chenye wastani wa 50, mtawanyiko (umbali wa kawaida wa alama kutoka wastani) wa 10 na uthabiti wa 0.84 (1 ingekuwa kipimo kisichoyumba kabisa). Kosa la kipimo ni 10 mara kipeuo cha pili cha 0.16 (1 kutoa 0.84), yaani 4. Ukiruhusu makosa mawili kila upande, aliyepata 56 huenda yuko popote kati ya 48 na 64. Kumwacha wa 54 ukamchukua wa 56 ni bahati nasibu.

Ile hojaji ya aina 16 za watu (MBTI) iacheni. Inakata kila sifa katikati, na wengi wako karibu na katikati, kwa hiyo mtu akirudia baada ya wiki chache anaweza kupewa aina nyingine. Kadi 10 za madoa ya wino za Rorschach, na MMPI-2, hojaji ya kuchunguza matatizo ya akili yenye kauli 567, ni za kliniki. Mwenye kuzitumia awe mwanasaikolojia aliyesajiliwa chini ya sheria ya Kenya ya washauri na wanasaikolojia ya 2014.

Ningekuwa kwenye kamati yenu, hojaji isingemkata mtu yeyote. Uchapakazi ndio sifa inayoashiria utendaji kazini kwa uthabiti kuliko zile nne nyingine, lakini uwiano wenyewe ni kama 0.2 tu (1 ingekuwa kuashiria bila kukosea), na mwombaji kazi anajua jibu mnalolitaka. Mpeni kila mmoja daftari la mikopo lenye makosa 8 mliyoyapanda na dakika 30, hesabuni aliyoyaona. Halafu mahojiano: maswali yaleyale kwa wote, wahoji wawili, kila mmoja atie alama kivyake kabla ya kuzungumza na mwenzake.