Kupooza nyumba kama kichuguu: bomba la inchi 4 litatosha?

Swali: Fundi habari, najenga Dodoma vyumba vitatu. Nimesikia Harare kuna jengo halina AC, wamekopi kichuguu cha mchwa. Nikipitisha bomba la PVC la inchi 4 juu ya paa kila chumba, joto litatoka?

Jibu: Salama kaka. Wazo zuri, bomba ndo limekuangusha. Jengo hilo ni Eastgate Centre, lilifunguliwa 1996, msanifu wake Mick Pearce, na watu wengi wanalisimulia nusu, wanasema hewa moto inapanda kwenye machimni (minara ya kutolea hewa) basi, kumbe kazi kubwa inafanyika usiku, mafeni (ndio, mafeni yapo) yanasukuma hewa ya baridi ipite kwenye zege, zege linapoa, halafu kesho mchana ndo linakunywa joto la watu na mashine. Tena watafiti waliokuja kupima vichuguu baadaye wakakuta mchwa hapoozi nyumba hivyo, ile minara kazi yake zaidi ni kupumua, joto la kiota kilicho chini linatulizwa na ardhi yenyewe. Yaani Pearce alikopi kitu ambacho mchwa hafanyi na jengo likakubali, mimi hilo hunichekesha kila siku.

Sasa hesabu yako. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 3 kina hewa mita za ujazo 48. Chukulia chimni imepanda mita 4 toka tundu la kuingizia hewa, na ndani kuna joto kuliko nje kwa nyuzi 3: inchi 4 inapitisha kama mita za ujazo 15 kwa saa, yaani masaa matatu ndo ubadilishe hewa ya chumba mara moja. Hapo hujapooza kitu. Tundu la sentimita 40 kwa 40 linabadilisha kama mara 6 kwa saa. Na la kuingizia chini lisiwe dogo kuliko la juu, weka nondo kwa ajili ya wezi, na wavu wa mbu unakaba upepo sana kwahiyo ongeza ukubwa.

Halafu ukuta. Jenga na tofali nzito, zege la sakafu usilifunike kapeti, maana hilo ndo ghala lako la baridi. Usiku fungua, asubuhi jua likianza kuchoma funga kote, chini na juu, hapa ndo wengi wanakosea wanaacha wazi mchana halafu wanasema kichuguu ni uongo. Juu ya dari acha matundu pembeni joto la bati litoke lenyewe.

Dodoma inakubali kwasababu ni pakavu na usiku panapoa. Mteja wangu wa Dar alitaka hivihivi nikamkatalia, kule usiku wenyewe una joto na unyevu, utapooza zege kwa hewa gani? Yeye tulimpa baraza pana na madirisha yanayotazamana.

Bomba kama ulishanunua usirudishe dukani, weka kwenye septiki, pale inchi 4 ndo saizi yake.