Barua kwa mwanangu: Zombi aliyejaza banda letu la geimu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili, kwanza nikiwa kwenye daladala na mara ya pili nyumbani, miwani ikiwa machoni. Umeniuliza hivi: zombi, yaani maiti inayotembea, hana akili, hana maneno, hata hasira ya kweli hana, iweje yeye ndiye aliyekuwa akijaza banda letu la geimu hapa Tanga kuliko majoka na majini yote, na wewe na wenzako mnaotengeneza geimu yenu ya kwanza, mkiwaza kumtumia msukule wa kwetu, mumchore vipi ili asifanane na zimwi lolote tu? Mimi sikusomea kuchora. Lakini kwa miaka kadhaa nilikaa nyuma ya migongo ya vijana waliokuwa wakicheza, nikipokea fedha kwa kila nusu saa, na anayekaa hapo huona mambo ambayo mwenye pedi ya kuchezea mkononi hana nafasi ya kuyaona.

Nianze na geimu ya Resident Evil, ile ya kwanza, iliyotolewa na kampuni ya Kijapani ya Capcom mwaka 1996 chini ya uongozi wa Shinji Mikami. Mapema kabisa katika mchezo ule, mchezaji anaingia kwenye ujia mwembamba wa jumba kubwa na kumkuta mtu ameinama, amempa mgongo, anatafuna. Kisha mtu yule anageuza kichwa polepole. Hapo banda zima lilikuwa likinyamaza. Nililishuhudia jambo hilo mara nyingi hata nikaacha kutazama runinga nikawa natazama nyuso za watazamaji, na nikaona kwamba kilichowakaba ni ule muda wa kugeuka, kuliko hata damu iliyokuwa mdomoni. Kabla hajageuka ulimdhania binadamu mwenzako, na katika sekunde zile chache jicho lako linaendelea kumtetea.

Mwonekano wa mchezo ule ulitokana pia na unyonge wa mashine. PlayStation ya wakati ule haikuwa na nguvu ya kuchora papo kwa papo jumba lenye mazulia, ngazi na vinara vya mishumaa, kwa hiyo wasanii walivitengeneza vyumba mapema kama picha zilizotulia, wakaitundika kamera isiyosogea kwenye pembe ya dari, kisha wakamtembeza mchezaji juu ya picha hizo. Matokeo yake ni kwamba unasikia mkoromo na nyayo zikiburuzwa wakati mwenye nyayo yuko nje kidogo ya picha, nawe huwezi kuchungulia. Hata milango ilitoka humo humo: ulipofungua mlango ulioneshwa mlango mtupu ukifunguka taratibu katikati ya giza, ili mashine ipate nafasi ya kusoma diski. Wateja wangu walilalamika kwamba milango ile inakula dakika zao, na wengine niliwaongezea muda ili yaishe, lakini sikumbuki aliyekuwa akipiga soga wakati mlango unafunguka. Ongeza hapo kwamba risasi zilikuwa za kuhesabu, na hata kuhifadhi mchezo kulihitaji utepe wa wino wa taipureta, nao ulikuwa haba; kwa hiyo kila zombi aliyejitokeza alikuwa swali la matumizi, umpige au umkwepe.

Jibu lenyewe la swali lako, hata hivyo, nilipewa na mama yako, ambaye hajawahi kushika pedi. Siku moja aliniletea chai bandani akamkuta kijana mmoja anacheza Resident Evil ya pili, ya mwaka 1998, ambamo askari kijana anayeitwa Leon anafika mji wa Raccoon City siku yake ya kwanza ya kazi na kukuta kituo cha polisi kimejaa maiti zinazotembea, nyingine zikiwa zimevaa sare ya polisi, yaani watu ambao wangekuwa wenzake kazini. Mama yako alimtazama mmoja wao akauliza, “Huyu alikuwa nani?” Joka halimfanyi mtu aulize hivyo. Sare, viatu vilivyopotea upande mmoja na bega linalolegea kana kwamba bado limebeba mkoba ndivyo vinavyolifanya jicho litafute mtu aliyekuwamo.

Wako waliokwenda njia nyingine, na sina budi kuwataja. Katika Left 4 Dead ya kampuni ya Valve, ya mwaka 2008, mazombi wa kawaida wanakimbia kwa makundi na huna wasaa wa kumuuliza mmoja habari zake. Huko kazi kubwa ni ya umbo, kwa sababu bonge aliyevimba, mrefu mwenye ulimi kama kamba na yule mwenye kofia ya sweta anayechutama, wote unawatambua kwa kivuli tu gizani. Lakini hata humo, yule anayekumbukwa zaidi ni mwanamke anayekaa chini akilia peke yake, ambaye ukimmulika kwa kurunzi au ukimsogelea sana anakurukia. Kilio kile ni mabaki ya mtu.

Sasa The Last of Us, iliyotengenezwa na Naughty Dog mwaka 2013. Waliacha kaburi na laana wakachukua kuvu wa Cordyceps, ambaye kweli yupo na kweli huingia mwilini mwa wadudu kama chungu hadi akachipua nje, wakamhamishia kwa binadamu. Wale walioambukizwa muda mrefu uso wao umepasuka na kuchanua, macho hayapo, nao hujiongoza kwa mlio wa kooni kama popo. Ukiangalia picha yenyewe kwa utulivu, uso ule unakaribia kupendeza, na hilo ndilo linaloudhi. Mji nao haukupakwa kijivu. Umeota majani, maji yamejaa barabarani, na jua linaingia kupitia madirisha yaliyovunjika. Nakuomba ulifikirie sana hilo kabla hamjajaza geimu yenu giza.

Mchezo huo niliucheza nyumbani usiku, baada ya kufunga banda, wewe ukiwa umelala chumba cha pili. Unapoanza, humwongozi shujaa mwenye bunduki. Unamwongoza Sarah, binti anayezunguka nyumba yao akimtafuta baba yake. Na kwa kuwa vidole vyako ndivyo vilivyomtembeza, anapouawa muda mfupi baadaye, tena na askari mzima asiyeumwa, unahisi umenyang'anywa. Niliweka pedi chini nikaja kuangalia kama chandarua chako kimechomekwa vizuri. Hilo sikuwahi kukusimulia. Miaka 20 inapita ndani ya hadithi, na baba yule, Joel, bado amevaa saa aliyopewa na binti huyo, ingawa imevunjika. Baadaye kabisa, akiwa na Ellie, msichana mwingine aliyepewa kumsindikiza, wanawakuta twiga katikati ya magofu ya Salt Lake City. Mimi twiga nimewaona mara nyingi dirishani mwa basi tukikatiza Mikumi, wala sijawahi kusimamisha chochote kwa ajili yao. Pale nilisimama, kwa kuwa mchezo haukuharakishi, unakuacha uwatazame mpaka utakapoamua mwenyewe kuondoka.

Geimu ya The Walking Dead ya kampuni ya Telltale, ya mwaka 2012, ina mistari mizito ya wino kama katuni za gazetini na mapigano yake ni machache. Kinachokutoa jasho ni kuchagua maneno kabla muda haujakwisha, huku mtoto Clementine akikusikiliza.

Kuhusu wazo lenu la kumtumia msukule, naona mko karibu na kitu kizuri kuliko mnavyodhani. Zombi wa imani za Haiti alikuwa mtumwa wa aliyemfufua. Filamu za Marekani, kuanzia mwaka 1968, zikamwondolea bwana wake zikampa njaa, na geimu zikamchukua akiwa hivyo. Msukule wa masimulizi yetu bado ana bwana, bado analimishwa usiku, na ndugu zake huwa hawajakata tamaa ya kumrudisha. Mchezaji anayeamini kwamba mtu huyo anaweza kurudi hatafyatua haraka. Kwa hiyo mchoreni kwanza akiwa mzima, siku moja kabla ya kuchukuliwa, na kanga yake na funguo zake. Kisha mumwondolee kimoja kimoja, mkiacha kitu ambacho mdogo wake angekitambua kwa mbali.

Mama yako amekuwa akichungulia barua hii begani mwangu. Anauliza kama mmeshaamua huyo wenu wa kwanza alikuwa nani, na anasema kama alikuwa muuza samaki, msisahau beseni. Nitumie mchoro, hata ukiwa wa penseli.

Baba yako