Kabla Hujaanza Uanagenzi, Patana na Fundi

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, ujenzi haujapoa kuanzia Mtumba na Ihumwa hadi Nala, na kila nyumba inayoinuka inahitaji geti na grili. Ndiyo maana kijana akiniuliza aanzie wapi kutafuta kazi, humshauri apite kwenye karakana za uchomeleaji kabla hajamaliza soli za viatu kwa kuzungusha bahasha ya vyeti maofisini. Lakini asiingie kabla ya kupatana.

Mimi niliingia bila kupatana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kwa kuwa niliona nimesaidiwa, nilikubali kila nilichoambiwa: kwa miezi minane nilifagia, nilibeba vyuma, nilipiga rangi na nilitumwa chai. Hakuna aliyenizuia kujifunza, ila hakuna pia aliyeahidi kunifundisha, nami sikuthubutu kuuliza.

Kwa fundi wa pili nilisindikizwa na mama mdogo, na yeye ndiye aliyezungumza. Tulipatana kwamba nitakaa mwaka mmoja, nitapewa nauli na chakula cha mchana, miezi mitatu ya kwanza nitajifunza kupima na kukata, kisha nitaanza kuchomelea, na kazi nitakayoikamilisha mwenyewe nitalipwa sehemu yake. Yote yaliandikwa kwenye karatasi moja ya daftari, tukatia saini.

Wiki ile ile nilifundishwa jambo ambalo nilikuwa nimelitazama miezi minane bila kulielewa. Fremu ya geti hushikizwa kwanza kwa nukta chache tu za moto, kisha hupimwa kutoka kona hadi kona, mara mbili, kwa kupishana. Vipimo vikilingana, fremu imekaa sawa; visipolingana, unagonga kona ya upande uliozidi mpaka vilingane, ndipo unapochomelea moja kwa moja. Kule nyuma nilikuwa nimeshika ncha ya futi mara nyingi mno, bila mtu kuniambia tunatafuta nini.

Uliza pia kuhusu vifaa vya kinga, na uulize mapema. Karakana isiyokuwa na kioo cha kumkinga mwanagenzi macho si ya kukaa hata siku moja, kwa maana mwanga ule hauumizi papo hapo. Usiku ndipo macho yanapowaka kana kwamba yametiwa mchanga.

Kila jioni andika tarehe, kazi uliyoifanya na sehemu uliyoshindwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa watu waliojifunza nje ya chuo, ambao hupimwa na kupewa cheti, na daftari langu ndilo lililonionyesha mapengo yangu kabla sijakwenda kupimwa. Baada ya hapo, ukipata wenzako wa kuaminika, ulizeni halmashauri kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana.

Wanaokuja kujifunza kwangu, hapa Kizota, nawaomba waje na mzazi au mlezi. Makubaliano tunayaandika nakala mbili, na yao wanaondoka nayo siku hiyo hiyo.